KUNI MBILI NA VIKAPU KUMI NA VIWILI
Somo juu ya jiko la nyumbani kwetu

Masomo ya kusoma kabla ya kujifunza: Kutoka 16:13-21, 1 Wafalme 17:8-16, 2 Wafalme 4:38-44, Yohana 6:1-13.



Mara nyingi masomo yetu yanahusu maombi, mfungo, unabii na maisha ya kanisa. Leo tunaingia jikoni. Mtu asiseme kwamba jikoni si mahali pa somo la Mungu. Manabii waliingia jikoni kabla yetu. Eliya alikutana na mjane aliyekuwa akiokota kuni. Elisha aliagiza sufuria kubwa iwekwe motoni wakati wa njaa. Na Bwana wetu mwenyewe, baada ya kushibisha watu 5.000, hakuondoka mara moja. Aliwaamuru wanafunzi wakusanye mabaki.

Tunaanza na aibu yetu wenyewe. Siku moja ya sikukuu, katika parokia yetu, tulipika kwa furaha. Sufuria za maharagi zilikuwa nyingi, bugali ililundikana, sombe haikukosa. Hakuna aliyehesabu watu na hakuna aliyepima chakula. Jioni kilibaki kingi. Tulikiacha wazi katika sufuria, tukaenda katika nyimbo. Asubuhi maharagi yalikuwa na povu na harufu mbaya, tukayamwaga kwenye shimo. Saa chache baadaye zikafika familia zilizokimbia vita, watoto migongoni, magodoro kichwani. Tukawapa mahali pa kulala katika nyumba ya sala. Tulipotafuta kitu cha kuwapa wale, ghala ilikuwa tupu, na kuni zilikuwa zimekwisha. Mama mmoja mzee wa parokia akatuambia: "Wanangu, jana tuliomba Mungu atutumie wageni. Ametutumia. Sisi tumekwisha kumwaga chakula chao."

Neno hilo lilitulazimisha kuandika somo hili.

1. MANA: KUPIMA KABLA YA KUPIKA

Waisraeli walipewa mana kwa kipimo: kila mtu kiasi cha kumtosha siku ile. Waliokiacha mpaka asubuhi bila kuagizwa walikuta kimeingia wadudu na kinanuka. Mungu aliwalisha bure, lakini hakuwaruhusu kukusanya bila hesabu. Alitaka wajue kuhesabu.

Kwetu wengi tunapika kwa macho. Tunaona aibu sufuria ikiwa ndogo, kwa maana tumefundishwa kwamba chakula kingi ni heshima ya nyumba. Ni kweli, mgeni hapimiwi. Lakini heshima haiko katika chakula kinachotupwa. Heshima iko katika chakula kinachofika mdomoni mwa mtu.

Kosa hili si la Kivu peke yake. Umoja wa Mataifa uliandika mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1,05 za chakula madukani, katika mahoteli na majumbani. Katika hizo, sehemu 60 kwa mia zilitoka katika nyumba za watu, si katika mahoteli makubwa. Wakati huohuo, mwanzoni mwa mwaka 2025, hesabu za serikali na mashirika zilionyesha kwamba Wakongo karibu milioni 28 walikuwa katika njaa kali. Dunia moja inamwaga na inalia njaa.

Basi tufanye nini? Kila nyumba iwe na kopo moja la kupimia. Mama ajue: kwa watu wa nyumba yangu, makopo mangapi ya unga, makopo mangapi ya maharagi. Akijua hesabu ya kawaida, siku ya wageni ataongeza kwa akili, na siku ya upungufu atapunguza bila kufadhaika. Katika sikukuu za kanisa, wazee wahesabu watu kabla ya moto kuwashwa. Unga mkavu uliobaki gunia utaliwa juma lijalo. Bugali iliyobaki sahanini haina juma.

Watu husema akiba haiozi. Lakini maharagi yaliyowekwa ghalani bila kutunzwa yanatobolewa na wadudu yakabaki maganda matupu, na huo ni upotevu mkubwa kuliko wa sahani. Wazee wetu walikuwa na dawa: majivu. Maharagi yakaushwe vizuri juani, kisha yachanganywe na majivu makavu, baridi, yaliyochekechwa, mengi ya kutosha kujaza nafasi kati ya punje na punje. Mdudu hapati njia ya kupita wala mahali pa kuzalia. Siku ya kupika, maharagi yanaoshwa, na majivu yanaondoka. Majivu yale unayomwaga kila asubuhi nyuma ya nyumba ni mlinzi wa ghala yako.

2. KUNI MBILI: KULINDA MOTO NA KULINDA MAMA

Mjane wa Sarepta alipokutana na nabii Eliya mlangoni pa mji, alikuwa akiokota kuni. Angalieni alivyomjibu nabii: kwamba alikuwa na unga kidogo, mafuta kidogo, na alikuwa akitafuta kuni mbili tu. Hakusema mzigo. Alijua chakula chake ni kiasi gani, na alijua moto wa chakula hicho ni kiasi gani.

Sisi tunahesabu kuni zetu namna gani? Masisi na Walikale hatufanani katika jambo hili. Masisi ni nchi ya milima, malisho na mashamba. Msitu umekatwa sana, na wengi wananunua kuni za mikalitusi au wanatembea mbali. Walikale ni teritwari kubwa kuliko zote za jimbo letu, zaidi ya theluthi ya Kivu ya Kaskazini, na msitu bado unaonekana hauna mwisho. Ndugu wa Walikale anaweza kusema: "Kuni kwetu si shida." Lakini ndugu wa Masisi nao, babu zao walisema hivyohivyo. Na makala ndiyo yanakula msitu kwa kasi kubwa: katika tanuru la udongo la kienyeji, ili kupata kilo moja ya makala zinaungua kilo tano mpaka kumi za kuni.

Kuna jambo zito kuliko msitu. Kila mzigo wa kuni umebebwa na mtu, na karibu kila mara mtu huyo ni mama au binti. Katika nchi yetu ya vita, njia ya kuni imekuwa njia ya machozi. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kwamba wanawake wengi waliowatibu katika kambi za wakimbizi kandokando ya Goma, wengi wao wakiwa wamekimbia kutoka vijiji vyetu, walinajisiwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Kambi zile zilibomolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, watu wakatawanyika. Lakini njia za kuni zimebaki. Kwa hiyo, wapendwa, kuni inayookolewa jikoni si senti tu. Mizigo miwili kwa juma badala ya minne ni safari mbili ambazo binti yako hakuingia porini. Baba wa nyumba, usikie neno hili. Kazi ya kupunguza kuni si ya mama peke yake.

Hizi ndizo njia ambazo tumezijaribu katika nyumba zetu:

(a) Kuloweka maharagi. Yatiwe katika maji tangu jioni, yapikwe kesho yake baada ya kumwaga maji yale. Punje iliyokunywa maji usiku kucha haihitaji moto mrefu. Ndugu wanaotoka Walikale kuja Masisi wanashangaa kwamba maharagi ya mlimani hayaivi upesi. Si uchawi, na si maharagi mabaya. Kadiri unavyopanda mlima, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye urefu wa metre 2.000 yanachemka karibu na digri 93, si 100. Kwa hiyo mtu wa mlimani ndiye anayepaswa kuloweka kuliko wote.

(b) Kufunika sufuria. Mvuke unaotoka ni kuni zako zinazopaa hewani. Mfuniko ukikosekana, sahani kubwa ya bati inatosha. Maji yakisha kuchemka, ondoa kuni moja. Maji yanayoruka kwa nguvu hayana joto kuliko maji yanayochemka polepole.

(c) Kukausha kuni. Kuni mbichi inatumia nguvu yake kukausha maji yake yenyewe, ndipo ipike. Inatoa moshi, watoto wanakohoa, macho ya mama yanaharibika. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu milioni 3,2 duniani. Kuni zipasuliwe nyembamba, zipangwe mahali pakavu penye upepo, nazo zitumike zile za zamani kwanza.

(d) Kujenga jiko la udongo. Juu ya mafiga matatu upepo unachukua sehemu kubwa ya joto. Baba na vijana wachukue udongo wa mfinyanzi, au wa kichuguu pale unapopatikana, wauchanganye na majani makavu yaliyokatwa na maji, wajenge ukuta kuzunguka sufuria ya nyumba, wakiacha mlango mdogo wa kuni na nafasi kama ya kidole kati ya sufuria na ukuta. Likauke kivulini majuma mawili au matatu kabla ya kutumika, lisipasuke. Jiko hili halinunuliwi. Linahitaji siku moja ya kazi ya mwanaume.

(e) Kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa, ukijaze ndani majani makavu ya migomba au nguo kuukuu, uache shimo la sufuria katikati. Maharagi yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria, ikiwa imefunikwa na ikiwa bado inachemka, iingizwe kikapuni na kufunikwa kwa blanketi. Usifungue. Baada ya saa nne hivi, utakuta maharagi yamelainika bila moto. Yarudishe motoni yachemke tena, utie mafuta na chumvi, ule. Mama anaweza kwenda shambani au kwenye maombi huku kikapu kinampikia. Wengi hawaamini mpaka waone, basi mjaribu.

(f) Vitu vinavyotupwa kuwa kuni. Magunzi ya mahindi huko Masisi, makapi na maganda ya ngazi huko Walikale baada ya kukamua mawese, vyote vinawaka vizuri. Kikonyo cha makapi ya ngazi kinawasha moto upesi.

3. VIKAPU KUMI NA VIWILI: MABAKI YANA KAZI

Katika Yohana sura ya 6, Bwana alikuwa ameonyesha kwamba anaweza kufanya mkate kutoka karibu na utupu. Aliyeweza kuzidisha mikate mitano angeweza kuacha mabaki chini kwa ndege. Lakini aliamuru yakusanywe, kisipotee kitu. Muujiza haukuondoa utaratibu. Sisi ambao hatuzidishi mikate, je, tutaacha vipande chini?

Kikapu cha kwanza ni mabaki ya watu. Chakula kisafi kilichobaki sufuriani, ambacho mikono haikukigusa, kitolewe sehemu yake mapema, kabla hakijalala, kipelekwe kwa jirani mgonjwa, kwa mzee, kwa waliokimbia vita. Tusipeleke kilichoharibika na kukiita sadaka. Kile ambacho usingempa mtoto wako, usimpe maskini.

Kikapu cha pili ni chakula kilicholala. Kifunikwe, kiwekwe mahali pa baridi, asubuhi kichemshwe mpaka kitoe mvuke sawasawa, si kupashwa vuguvugu. Bugali iliyolala inaweza kukatwa vipande na kuchomwa juu ya makala. Viazi vilivyolala vinapondwa pamoja na maharagi. Ndizi zilizoiva kupita kiasi zinapondwa, zinachanganywa na unga, zinakaangwa, watoto wanazigombania. Maziwa yaliyoganda hayamwagwi, mradi yalitunzwa katika chombo kisafi. Watu wa Masisi wanajua kazi yake.

Kikapu cha tatu ni mabaki ya wanyama. Maganda ya viazi vitamu, majani ya kabichi ya nje na majani ya mahindi yanakuwa chakula cha dende. Mnyama huyu mdogo anafugwa katika nyumba nyingi za Kivu, naye ni rahisi kubebwa siku ya kukimbia. Maganda ya muhogo yakaushwe juani siku kadhaa kabla ya kupewa mbuzi, kwa sababu mabichi yana sumu. Maganda ya viazi mviringo yaliyogeuka kijani yasipewe mnyama; yaende shimoni.

Kikapu cha nne ni mabaki ya udongo. Kile ambacho mtu hali na mnyama hali, kirudi kwa migomba na kwa bustani ya lenga-lenga. Chimba shimo karibu na mgomba, tia humo maganda, mabua, majivu kidogo, funika kwa udongo. Maji uliyooshea mchele au mboga yamwagiwe mboga za bustani, yasimwagwe njiani. Udongo ulitupa muhogo. Tumrudishie ganda lake.

Kuna kitu kimoja ambacho hakiingii katika kikapu chochote kati ya hivi vinne: sashe. Serikali ya Kongo ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 ya kukataza mifuko ya plastiki, lakini sashe zingali zinatembea sokoni kwetu. Zinafunga maji ya mitaro, mbuzi wanazimeza wakafa. Mto Oso unatoka milima ya Masisi, unashuka Walikale, unaingia Lowa, na Lowa unaenda Lualaba. Sashe unayoitupa mtoni Masisi ni salamu mbaya kwa ndugu yako wa Walikale anayechota maji chini yako.

Na neno moja la ukali: tuache kuwasha moto kwa sashe. Tunajua inawaka upesi siku ya mvua. Lakini moshi wake ni sumu, nao unaingia katika kifua cha mtoto aliye mgongoni na katika chakula chenyewe. Washa kwa makapi ya ngazi, kwa gunzi lililokauka, kwa vijiti vyembamba ulivyoweka juu ya moto wa jana. Uende sokoni na kikapu chako na chupa yako ya mafuta. Mama zetu walifunga chikwangi na samaki kwa majani mapana ya msituni na kwa majani ya migomba. Jani likimaliza kazi yake linaoza, linakuwa udongo. Hilo si jambo la ushamba. Ni hekima tuliyoiacha njiani.

4. SUFURIA YA GILGALI: AKIBA AMBAYO INAUA

Hapa tunaomba mtulie, kwa maana somo la kutopoteza linaweza kueleweka vibaya.

Katika Gilgali kulikuwa na njaa. Mwanafunzi mmoja wa manabii alikwenda porini, akachuma matunda asiyoyajua, akayakatakata ndani ya sufuria ya wote. Walipoonja wakapiga kelele kwamba kuna kifo ndani yake. Mtu yule hakuwa mbaya. Alitaka sufuria ijae. Lakini njaa na haraka vilimfanya atie katika chakula kitu asichokijua. Nabii Elisha akatia unga, na Mungu akawaponya. Tusichukue muujiza ule kuwa ruhusa ya kupika bila uangalifu.

Kwetu sufuria ya Gilgali inaweza kuwa ya muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu ambayo wazee walijua kuiondoa: kumenya, kuloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, kuzidisha siku katika nchi ya baridi, kisha kukausha juani. Wakati wa vita na njaa watu wanapunguza siku: wanaloweka siku moja, wanakausha, wanatwanga, wanakula. Huko Kwango, katika Kahemba na Popokabaka, haraka hiyo imewaletea watu wengi, hasa watoto na mama vijana, ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo katika lugha ya Wayaka ni kama kusema miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekauka, na haiponi tena. Unawashika hasa wanaokula muhogo peke yake bila maharagi, samaki au nyama.

Tangu mwaka 2010 akina mama wa kijiji kimoja cha Popokabaka, na baada yao wa vijiji vingine, walifundishwa njia isiyotumia moto hata kidogo. Unga wa muhogo unatiwa katika beseni, unawekwa alama ya kimo chake, unachanganywa na maji mpaka unga ulioloa ufike tena kwenye alama ile. Kisha unatandazwa mwembamba juu ya mkeka safi, unene usiopita sentimetre moja, na kuachwa juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu inatoka hewani. Siku ileile unapikwa bugali. Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka, inaongeza usalama. Tunaiandika kwa sababu haigharimu chochote isipokuwa subira.

Hivyohivyo sombe: itwangwe sawasawa, ichemshwe muda mrefu. Usiibe dakika za sombe ili kuokoa makala. Okoa makala katika maharagi kwa kikapu cha joto, uyatumie katika sombe.

Maji ya kunywa nayo yasikose kuchemshwa kwa ajili ya kubana kuni. Penye jua la kweli, chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi litre mbili, iliyojazwa maji maangavu, ikilazwa juani saa sita inaua vijidudu. Siku za mawingu inahitaji siku mbili, na siku za mvua njia hii haifai. Masisi ina mawingu mengi, basi mtu awe mwaminifu na anga yake.

Na chakula kilichoanza kuchacha kitupwe shimoni bila majuto. Mana iliyooza haikuliwa. Kosa halikuwa kuitupa. Kosa lilikuwa kuiacha ioze.

5. AKIBA SI UCHOYO

Mwingine atasema: "Mnatufundisha uchoyo. Mwafrika hapimi chakula." Tumjibu kwa mjane wa Sarepta. Alikuwa na kuni mbili na unga wa mara moja, na ndiye aliyempa nabii mkate wa kwanza. Aliyejua kipimo chake ndiye aliyeweza kukigawa. Asiyejua kipimo anamwaga siku ya Jumapili na anafunga mlango siku ya Jumatatu.

Mchoyo anapima ili abaki na vyake. Mwaminifu anapima ili kiwepo cha mwingine. Sufuria zao zinaweza kufanana kwa ukubwa, lakini Mungu anajua mlango upi uko wazi.

Vita vya mwaka 1993 vilianza kwetu, katika nchi hii ya Walikale na Masisi, na tangu wakati ule hatujapumzika sawasawa. Tumekimbia, tumepokea waliokimbia, tumekimbia tena. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilipita Masisi, vikafika mpaka Walikale-kati mwezi wa tatu. Hakuna anayejua usiku upi mlango utabishwa. Nyumba yenye kopo la kupimia, kuni kavu chini ya paa, maharagi ndani ya majivu na kikapu cha joto pembeni ni nyumba inayoweza kusema: karibu ndani. Sisi hatukuweza kusema hivyo siku ile ya sikukuu. Tunaomba tusirudie.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika Yohana 6, kwa nini Bwana aliamuru mabaki yakusanywe, ijapokuwa angeweza kufanya mikate mingine?
2. Nyumba yako inatumia mizigo mingapi ya kuni kwa juma? Nani anaibeba, na anapita njia gani?
3. Taja kitu kimoja kilichotupwa jikoni kwako juma lililopita ambacho kingekuwa na kazi.
4. Ni akiba gani jikoni inayoweza kuua? Eleza siku za kuloweka muhogo katika kijiji chenu.
5. Tutatofautishaje mtu mwenye utaratibu na mtu mchoyo?

KAZI YA JUMA

Kila kikundi cha akina mama kitengeneze kikapu cha joto kimoja na kukijaribu pamoja. Akina baba na vijana wajenge jiko la udongo moja, kwanza katika nyumba ya mjane au ya mzee asiye na watoto. Watoto waokote sashe zote zinazozunguka nyumba ya sala, zikusanywe mahali pamoja, zisichomwe wala zisitupwe mtoni. Jumapili ijayo kila kikundi kitoe ushuhuda: kuni ngapi zimebaki.

Mungu aliyehesabu vikapu kumi na viwili ahesabu na vya kwetu. Pipa la unga lisiishe, chupa ya mafuta isikauke, na binti zetu warudi salama kutoka porini. Amina.